Saa 12 Asubuhi

Mama alianguka jikoni kwake Muheza siku ya Alhamisi, mimi nikiwa Dar es Salaam, na ilinichukua siku nzima kukubali kwamba niliyemwangusha huenda ni mimi.

Hakuumia sana. Kifundo cha mkono wa kushoto kiliteguka, na kikombe alichokuwa amekishika kikavunjika. Jirani alisikia kishindo, akaingia, akamkalisha, akanipigia simu. Nilimwamkia mama kama kawaida, naye akaitikia "marahaba, mwanangu" kwa ile sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Kizunguzungu tu, alisema. Kilimshika alipoinuka kwenye kigoda. Jana yake kilimshika pia, na juzi, jioni jioni hivi, baada ya dawa.

"Dawa gani, mama? Ya usiku si saa mbili?"

"Zote. Simu siku hizi inaniita saa kumi na mbili, halafu inaniita tena saa mbili. Nikajua umeongea na daktari, ukabadilisha."

Sikuwa nimeongea na daktari. Sikuwa nimebadilisha kitu chochote. Nilichokuwa nimefanya ni kunakili.

Najua wengi mnaopita hapa mmekuja kwa ajili ya riwaya na mashairi, si habari za mafundi wa simu, kwa hiyo nitakwenda polepole. Kazi yangu ni kuandika programu za simu. Maandishi yenyewe vitabu vinayaita msimbo, lakini sisi vijana wa kazi tunasema "kodi", neno ambalo siku ya kwanza nilipolitamka mbele ya mama lilimfanya aulize kama siku hizi nipo mamlaka ya mapato. Na katika kazi hii kuna tabia moja tunayojivunia kuliko zote: kutoandika kitu mara mbili. Ukishaandika kipande kinachofanya kazi, unakitumia tena. Hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Programu ya kwanza niliyoandika kwa ajili ya watu ninaowafahamu ilikuwa ya kikoba cha shangazi. Ni kina mama wanaochanga kila wiki na kukopeshana, na shangazi alichoka kubeba daftari. Alikuwa na sharti moja: simu iseme saa kama watu wanavyosema. Simu, kwa ndani, inahesabu kuanzia usiku wa manane. Kwake jua linapochomoza ni 6, na saa 8 mchana ni 14. Sisi tunahesabu kuanzia jua lilipotoka, na Wahabeshi wanafanya vivyo hivyo, lakini vipande vilivyo tayari ambavyo watu wa fani yangu hukopa kila siku viliandikwa na watu ambao siku yao huanza wakiwa wamelala.

Basi nikaandika fanksheni mbili ndogo. Ya kwanza ilichukua namba ya simu na kuipeleka mdomoni. Nilianza kwa kutoa 6, kama tunavyofanya wote kichwani, na kwa sababu nilikuwa natumia Kotlin, saa 11 alfajiri ikatokea kwenye skrini kama "saa -1". Shangazi akaniuliza saa ya kutoa moja ndiyo saa ngapi. Ajabu ni kwamba hesabu hiyo hiyo, kwa alama hizo hizo, ukiiandika kwa lugha ya Dart inakupa 11, kwa kuwa lugha hizi mbili hazikubaliani kuhusu baki la namba hasi. Kwa hiyo hata mstari mmoja ukihama lugha unaweza kubadilika maana huku sura yake ikiwa ile ile. Wafasiri wa fasihi hawatashangaa. Nikaacha kutoa, nikajumlisha 6, nikagawa kwa 12 na kuchukua baki, na baki likiwa sifuri programu iseme 12. Hiyo ikatulia.

Fanksheni ya pili ilitoka mdomoni kwenda kwenye simu. Mtu akichagua asubuhi au mchana, jumlisha 6. Akichagua jioni au usiku, jumlisha 18, na ikifika 24 au kuizidi punguza 24. Nikajaribu saa 2 asubuhi, saa 4, saa 10 jioni, saa 3 usiku. Wote mnaoona kosa hapo mmenizidi. (Na kama umeona kwamba saa 10 jioni ni 16, siyo 4, basi wewe acha unachofanya uje tufanye kazi pamoja; hilo nililiona siku ile ile, nikahamishia saa 10 na 11 za jioni upande wa mchana.) Kosa ambalo sikuliona lilikuwa 12.

Ukijumlisha 12 na 6 unapata 18, na 18 kwenye simu ni jua linazama. Kumbe saa 12 asubuhi si saa ya kumi na mbili ya mchana. Ni mwisho wa usiku uliopita, ni sifuri ya siku mpya iliyovaa nguo ya 12. Kila Mswahili anajua hivyo bila kujua kwamba anajua. Nami nilikuwa nimeiambia mashine jambo nisilowahi kujiambia mwenyewe.

Kikoba ndicho kilichogundua. Kina mama walipanga kikao saa 12 jioni, na simu zao zikawaamsha wote saa 12 asubuhi. Walicheka wiki nzima. Nilirekebisha siku hiyo hiyo kwa mstari mmoja tu, kwamba ukikuta 12 uihesabu kuwa 0, nikajipongeza kwa soda.

Lakini wiki tatu kabla ya kicheko hicho nilikuwa nimeanza programu ya mama, ya kumkumbusha dawa za presha. Nilihitaji saa za Kiswahili. Nilikuwa nazo tayari. Nikafungua faili la kikoba, nikakopi, nikapesti, dakika moja. Tangu hapo faili lilikuwa na pacha, na siku ya chanjo nilimpeleka mtoto mmoja.

Kwa miezi haikuonekana, maana mama alikunywa dawa moja saa 1 asubuhi na nyingine saa 2 usiku, na saa hizo zilihesabika vizuri. Kisha akaanza kuuza vitumbua stendi. Akawa anatoka nyumbani kabla ya saa 1, kwa hiyo Jumapili moja akaishika simu mwenyewe, bila kumwomba mtu, akahamisha dawa ya asubuhi iwe saa 12. Skrini ikamwandikia vizuri kabisa: saa 12 asubuhi. Hapo ndipo palipo na kosa langu la pili, ambalo naliona baya kuliko la kwanza. Nilikuwa nimehifadhi maneno aliyochagua pembeni ya namba, ili nisihangaike kuyakokotoa tena. Maneno yakasema asubuhi, namba ikasema jioni, na kengele haisomi maneno.

Jumatatu mpaka Alhamisi mama alimeza vidonge viwili vya presha jioni, kimoja saa 12 na kingine saa 2, na asubuhi hakumeza kitu. Daktari hakutaka kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu. Alisema mtu wa umri wake anaweza kupata kizunguzungu kwa mambo mengi, akaagiza dawa zirudi kwenye nafasi zake. Nashukuru kwa uungwana wake. Sikuukubali.

Kutumia tena kilichokwisha andikwa si uvivu wa juzi. Mwaka 1949 kompyuta ya EDSAC ilipoanza kazi Cambridge, Uingereza, haikuchukua muda watu wake wakaanza kuweka kabatini kanda za karatasi zilizotobolewa, kila moja ikiwa na hesabu fulani iliyokwisha jaribiwa. Ukihitaji kipeuo cha pili, hukuandika upya; ulikwenda kabatini. Wilkes, Wheeler na Gill walitoa kitabu kuhusu kazi hiyo mwaka 1951. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa Garmisch, Ujerumani, Doug McIlroy alitaka programu zijengwe kwa vipande vilivyotengenezwa kiwandani, kama wahandisi wengine wanavyochagua skrubu. Leo mtoto wa chuo akiandika programu ya kwanza kwa Flutter, anaikuta imeshika mikono ya mamia ya watu asiowajua.

Kuna kitabu cha Hunt na Thomas cha mwaka 1999 ambacho karibu kila mtu wa fani yangu amekisoma, na ndicho kilichoeneza ile kanuni ya kutojirudia. Nilikisoma nikiwa chuoni, nikatoka na somo kwamba mistari miwili isifanane. Sivyo walivyosema. Wao walizungumzia ujuzi: kila jambo ambalo mfumo unalijua liwe na makao mamoja. Tofauti hiyo nilipishana nayo miaka mingi kama mtu anayepishana na jirani kwenye ngazi.

Na sikuielewa hata baada ya mama kuanguka. Kwa aibu niliyokuwa nayo, nilikaa wikiendi moja nikaunganisha kila kitu kilichofanana katika programu zote mbili. Kikoba kilikuwa na kadi ya mwanachama: picha, jina, namba, kitufe. Programu ya mama ilikuwa na kadi ya dawa: picha, jina, namba, kitufe. Nikaona pacha wengine hao! Nikazifanya kadi moja. Wiki iliyofuata shangazi akataka picha ifichwe kwa asiyependa kupigwa picha, nikaweka swichi. Akataka deni liandikwe kwa rangi nyekundu. Nikaweka swichi nyingine. Mama akataka herufi kubwa, swichi. Ile kadi ilifika swichi 14, na kila niliyoigusa ilinilazimu kukumbuka nyingine 13. Siku moja vidonge vilipokaribia kwisha, jina la dawa likawaka jekundu na chini yake pameandikwa "anadaiwa". Mama akapiga simu kuuliza ni nani anayemdai.

Nikazitenganisha. Kadi mbili, mistari inayofanana kwa sehemu kubwa, na sina tatizo nayo. Saa 12 asubuhi ni ukweli mmoja, wa kikoba na wa dawa, na ukibadilika huku lazima ubadilike kule. Kadi zile zilikutana sura tu. Katika utenzi, kina cha bahari kinarudi beti baada ya beti kwa sauti ile ile, lakini hakuna anayesema maneno yanayobeba kina hicho ni neno moja. Kibwagizo ndicho kinachorudi neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimeona vina nikavitungia kibwagizo.

Kipande kingine kilichonifundisha adabu ni cha kuhesabu. Nilikikopa mtandaoni, kizuri, kimetumiwa na watu wengi. Unakipa namba na jina la kitu, nacho kinaunganisha: namba, jina, na herufi ya wingi mwishoni kama namba imezidi 1. Aliyekiandika alikuwa na lugha ambayo wingi unakaa mkiani mwa neno, na sentensi iliyobaki haijali. Kwetu wingi unaingia kwa mlango wa mbele na kusalimia nyumba nzima. Kidonge 1 kimebaki, vidonge 3 vimebaki. Mwanachama 1 hajalipa, wanachama 3 hawajalipa. Nilidhani nimeshinda nilipokipa majina yote mawili, la umoja na la wingi. Kisha ikaja siku. "Siku" haibadiliki, kwa hiyo nikaona haihitaji chochote, na programu ikaandika "siku 3 imebaki". Mama hakulalamika. Alisoma kwa sauti tu, polepole, kama mwalimu anayemsubiri mwanafunzi ajisikie. Sasa kinachotumiwa tena katika programu zangu ni sentensi nzima, ya umoja na ya wingi, kila moja imeandikwa na mtu. Siunganishi vipande vya maneno. Cha kutumia tena hapo ni uamuzi wa kuchagua ipi kati ya hizo mbili.

Wakubwa pia wameumia kwa namna hii. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika angani juu ya Kourou, Guyana ya Ufaransa, takriban sekunde 40 tangu safari ianzishwe. Haikuwa na mtu ndani. Sehemu ya programu yake ya kujua mwelekeo ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila kasoro. Lakini Ariane 5 ilikwenda kwa njia nyingine, na kasi yake ya ulalo ilikua kuliko ya mtangulizi wake. Namba ikalazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767, ikagoma kuingia. Kifaa cha akiba kilikuwepo, nacho kilikuwa na programu ile ile, nacho kikazima kwa sababu ile ile. Na kipande hicho, roketi ikishapaa, hakikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5. Kilibaki kwa kuwa kilikuwepo.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi tangu yaliyotupata, na kila mara nasimama kwenye kile kifaa cha akiba. Maana mimi pia nilikuwa na akiba: maneno kwenye skrini. Nilifikiri vitu viwili vinavyosema jambo moja ni ulinzi.

Basi nilifanya nini? Saa zimehamia kwenye kifurushi kimoja chenye namba ya toleo, na programu zote mbili zinakiita hicho hicho, hakuna nakala. Ndani yake kuna jaribio ninaloliita nenda-rudi: chukua kila saa ya simu, 0 mpaka 23, ipeleke mdomoni, kisha irudishe kwenye simu, na isiporudi ilikotoka kazi yote isimame. Ni mistari michache. Lingekuwepo siku ya kwanza, lingenipigia kelele kabla sijanywa hiyo soda. Na maneno yale niliyoyahifadhi nimeyafuta. Skrini sasa inasoma namba ile ile inayosomwa na kengele, ili zikikosea zikosee pamoja, na mama aone.

Ila kurekebisha msimbo si kurekebisha simu. Hili watu wa kompyuta za ofisini wanaweza kulisahau, sisi wa simu hatuwezi. Toleo jipya lilikuwa tayari Ijumaa usiku, huku simu ya mama haina bando, na hata ingekuwa nalo, namba iliyokwisha hifadhiwa ndani yake ilikuwa 18 na ingebaki 18 mpaka mtu aifute. Hakuna mstari wangu mpya ambao ungejua kwamba 18 ile alikusudia 6. Jumamosi nikapanda basi.

Nilimkuta amekaa nje, mkono umefungwa bandeji, anampa binti wa jirani maelekezo ya kukaanga vitumbua kwa mkono mmoja, wa kuelekezea. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote. Nilieleza sifuri na 12, faili na pacha wake, kikoba na kicheko. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo shangazi yako ulimrekebishia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ukanisahau."

Nilikuwa na maelezo mengi ya kitaalamu kuhusu kwa nini halikuwa suala la kumsahau mtu. Sikutoa hata moja. Akamgeukia binti, akamwambia apunguze moto, kile cha pembeni kinaungua.

Jioni nilifuta ile namba, nikampanga upya saa zake, nikamwonyesha. Tulikaa tukaingoja kengele ya saa 2 usiku pamoja kama watu wanaongoja taarifa ya habari. Ililia. Akameza, akanitazama. Asubuhi yake ikalia saa 12, kweli saa 12, jogoo wa jirani akiwa bado kwenye beti ya kwanza.

Nilirudi tena Muheza miezi miwili baadaye. Mkono ulikuwa umepona na karai la vitumbua lilikuwa limerudi kwa mwenyewe. Juu ya kopo la unga wa mchele palikuwa na kipande cha kadibodi kilichogundishwa kwa plasta ya dukani, na juu yake, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wake ulioinama, ameandika: *Asubuhi 12. Usiku 2.* Nilisimama mbele yake muda mrefu kidogo. Nikamwuliza kama simu bado inamsumbua.

"Simu yako ni nzima," akasema, anapepeta unga. "Hicho si cha kunikumbusha mimi. Hicho ni cha kuikumbusha simu."